Kushonesha Nguo kwa Vipimo Ukiwa Mbali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ofisi yetu ya ushonaji iko Kariakoo, Dar es Salaam, jirani na maduka ya khanga na vitenge ya Mtaa wa Uhuru. Wateja wetu wengi hawajawahi kufika hapo. Wengine wako Muscat, London na Minneapolis, wengine wako Kigoma na Mbeya. Tunawapima na kuwajaribishia nguo kwa simu. Maswali haya tunaulizwa kila wiki, na nimeyajibu kama ninavyowajibu watu kwa ujumbe wa sauti.

## Mambo ya msingi

1. Kujaribishiwa nguo kwa simu ni nini hasa?

Kwa kawaida fundi hukupima, anakata, anashikiza, halafu anakuita uvae ili aone nguo inavyokaa kabla hajaimalizia. Sisi tunafanya hatua hizo hizo bila wewe kusafiri. Mtu aliye nawe anakupima huku tukimwelekeza kwa video. Baadaye unavaa nguo ya majaribio, tunaiangalia kwa video, tunarekebisha, ndipo tunakata kitambaa chenyewe.

Kuna programu zinazobandika picha ya gauni juu ya picha yako. Zinafaa kuchagulia rangi na mshono, nami huwa nawashauri wateja wazitumie kwa kazi hiyo. Kama kwapa litakubana au gauni litapanda magotini ukikaa, hilo programu ya namna hiyo haiwezi kukwambia.

2. Je, nguo itakaa sawa na ya mtu aliyekuja mwenyewe?

Magauni ya kitenge, sketi, mashati, kanzu na suruali za kawaida, ndiyo, mradi hatua zote zifuatwe. Suti ya kiume yenye bega lililojengwa na kola ya kukunja ni kazi ngumu zaidi, kwa hiyo hiyo tunaijaribisha mara mbili. Gauni la kubana lenye vyuma vya ndani pia ni mara mbili, na mteja asipokuwa na nafasi hiyo tunakataa kazi. Ni afadhali nikose pesa kuliko bibi harusi afungue mzigo siku tatu kabla ya ndoa akute zipu haifiki juu.

3. Huchukua muda gani?

Wiki nne hadi sita ukiwa nje ya nchi, tatu ukiwa mikoani. Muda mwingi unaliwa na usafiri wa nguo ya majaribio. Kabla ya Idi na kuanzia Novemba ongeza wiki mbili, maana msimu wa harusi kila fundi ana foleni.

## Kupima

4. Naweza kujipima mwenyewe?

Hapana. Ukiinama kusoma namba, kiuno kinabadilika. Ukinyoosha mkono kushika tepu mgongoni, bega linapanda na kifua kinatanuka. Tafuta mtu: mume, dada, jirani, mtu unayekaa naye. Hahitaji kujua kushona, awe tu na subira ya dakika ishirini na awe tayari kuelekezwa.

5. Nivae nini wakati wa kupimwa?

Nguo nyepesi ya kubana, na sidiria ile ile utakayoivaa na nguo hiyo. Kama unavaa skintaiti chini ya magauni yako, ivae. Kama gauni ni la viatu vya mchuchumio, viatu hivyo viwe miguuni tunapopima urefu.

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilimpima dada mmoja kwa video akiwa amevaa jinzi na mkanda, na simu ilishikwa juu kiasi kwamba sikuuona ule mkanda. Sketi yake ilifika ikiwa na inchi mbili za ziada kiunoni, na ilikuwa ya sendofu ya mdogo wake. Aliivaa na pini za usalama. Tangu siku hiyo jambo la kwanza ninalomwomba mteja kwenye simu ni kugeuka taratibu nimwone mzima.

6. Mnahitaji vipimo gani, na vinapimwa wapi?

Anza kwa kufunga kamba au lastiki nyembamba kiunoni. Pinda mwili kushoto na kulia. Kamba itajipeleka yenyewe mahali pembamba. Iache hapo mpaka mwisho, kwa sababu vipimo vingi vya urefu vinaanzia kwake.

Kifua kinapimwa mahali kilipojaa zaidi, na tepu isishuke mgongoni. Mwenye kupima azunguke aangalie nyuma kabla ya kusoma namba. Kiuno ni juu ya kamba. Hipsi ni mahali palipotanuka zaidi, na hapa tunataka namba mbili: mzunguko wenyewe, na umbali kutoka kwenye kamba kushuka hadi hapo. Wanawake wawili wenye hipsi za inchi 44 wanaweza kutofautiana inchi tatu kwenye umbali huo, na sketi ya mmoja ikawa gunia kwa mwingine.

Mabega yanapimwa kwa kupitia mgongoni, kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hadi ya pili. Ncha hiyo inapatikana kirahisi ukiinua mkono pembeni usawa wa bega: pale juu panaingia kishimo kidogo. Urefu wa mgongo unaanzia kwenye mfupa wa chini ya shingo, ule unaotokeza ukiinamisha kichwa, hadi kwenye kamba. Mkono unapimwa ukiwa umekunjwa kidogo, kutoka bega, kupitia kiwiko, hadi kifundo. Ukipimwa ukiwa umenyooka, shati litapanda kila utakaposhika usukani.

Kila kipimo kichukuliwe mara mbili. Namba zikitofautiana zaidi ya nusu inchi, pima mara ya tatu. Tepu iguse mwili bila kuukaba, wala usiweke kidole ndani yake: nafasi ya kupumua tunaiongeza sisi (tazama swali la 8).

7. Nitajuaje kama tepu yangu ni sahihi?

Tepu za kitambaa zilizotumika muda mrefu huvutika. Chukua karatasi ya A4 uipime upande mrefu: inatakiwa isome sentimita 29.7. Ikisoma pungufu, tepu imerefuka, nunua nyingine. Tuambie pia kama unasoma inchi au sentimita, maana tepu nyingi zina upande mmoja wa inchi na mwingine wa sentimita, na anayepima akiigeuza katikati ya kazi namba zinachanganyika. Inchi moja ni sentimita 2.54.

8. Navaa saizi 14 dukani. Haitoshi?

Haitoshi. Kila kampuni ina saizi 14 yake. Halafu kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui: kipimo cha mwili na kipimo cha nguo ni vitu viwili. Mwili wenye kifua cha inchi 38 ukishonewa gauni la inchi 38 la kitenge, hauwezi kunyanyua mikono, kwa sababu kitenge hakivutiki. Kwa gauni la kubana tunaongeza kama inchi mbili kifuani na moja kiunoni. Shati la kiume huongezwa inchi nne au zaidi, na kanzu zaidi ya hapo.

Kiasi hicho ni suala la mtu na mazoea yake, ndiyo maana tutakuuliza maswali yanayoonekana hayahusiani na vipimo. Utacheza muziki? Utanyonyesha mtoto ukiwa umelivaa? Utaswali nalo? Gauni la mtu atakayesujudu linahitaji nafasi ya mgongo na hipsi kuliko la mtu atakayekaa meza kuu.

## Kamera na programu

9. Kwa nini msitumie programu inayopima mwili kwa picha?

Tunaitumia, ila kwa kuhakiki tu. Teknolojia yenyewe imepiga hatua kubwa. Mwaka 2018 kampuni ya Zozo ya Japani iliwatumia wateja vazi jeusi la kubana lenye madoa meupe. Ulilivaa, ukageuka hatua kwa hatua mbele ya simu, nayo simu ikasoma yale madoa na kuchora umbo lako. Simu nyingine, kama iPhone 12 Pro ya mwaka 2020, zina kifaa kinachopima umbali kwa mwanga. Kuna pia programu zinazoomba picha mbili tu, ya mbele na ya ubavu, pamoja na urefu wako.

Shida yangu na hizo za picha mbili ni chimbuko la makisio yake. Kamera haioni mzunguko wa kiuno, inaona upana. Mzunguko unakisiwa kwa kulinganisha na miili iliyopimwa zamani. Mkusanyo mmoja ambao watafiti wa maumbo ya mwili wameutegemea sana, unaoitwa CAESAR, ulianza kupimwa mwaka 1998 na una watu karibu 4,400 wa Marekani na Kanada, Uholanzi na Italia. Nchi ya Afrika haimo. Kwa wateja wangu wenye kiuno chembamba na hipsi zilizojaa kwa nyuma, nimeona programu ikitoa kiuno kikubwa kuliko cha tepu kwa inchi mbili na zaidi. Na ukivaa nguo pana, inapima nguo.

Kwa hiyo programu ikisema kiuno 34 na tepu ikasema 31, tunapima tena. Mara nyingi tepu inashinda, lakini mara mbili tatu programu imetuonyesha kwamba aliyepima alisoma namba vibaya.

10. Picha nizipige vipi?

Nne: mbele, nyuma, ubavu wa kulia na wa kushoto. Simu iwe wima, usawa wa kitovu chako, umbali wa mita tatu hivi, imeegemezwa kwenye kiti au ameishika mtu. Ikishikwa juu inafupisha miguu, ikisogezwa karibu inapanua kilicho mbele. Ukuta uwe mtupu na rangi yake isifanane na nguo.

Funga uzi mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Simu nyingi hugeuza picha za kamera ya mbele kama kioo, na bila uzi sijui bega lililoshuka ni la kulia au la kushoto.

Simama unavyosimama ukisubiri daladala. Usivute tumbo, usijikaze kama uko gwaride. Nguo itavaliwa na mtu anayepumua, na mtu huyo ndiye ninayetaka kumwona.

11. Mtandao wangu unakatika. Nifanyeje? Na miadi ni saa ngapi?

Jirekodi ukigeuka polepole, sekunde thelathini, kisha uitume kama faili ili isipunguzwe ubora. Tutajibu kwa ujumbe wa sauti na picha zilizochorwa mishale.

Miadi yote ni kwa saa za Dar es Salaam. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja. London iko nyuma saa mbili majira ya joto na tatu majira ya baridi, na Minneapolis saa nane au tisa. Vijana waliokulia huko waangalie: tukiandika saa tatu usiku tuna maana ya Kiswahili, yaani 21:00.

12. Picha zangu mnazifanyia nini?

Uso hauhitajiki, picha inaweza kuanzia shingoni. Wateja wa kike wanahudumiwa na mafundi wa kike, kwenye simu na kwenye picha, na asiyetaka kupigwa picha kabisa anaweza kutumia njia ya swali la 15. Nguo ikishafika na ukaikubali, picha zinafutwa. Namba za vipimo tunabaki nazo ukituruhusu tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inamhusu fundi mwenye daftari la vipimo kama inavyoihusu benki.

## Nguo ya majaribio

13. Inashonwa kwa kitambaa gani?

Kwa marekani, ile pamba isiyopaushwa. Jina lenyewe lina historia: karne ya 19 kitambaa hicho kililetwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na Pwani nzima ikakiita kwa nchi kilikotoka. Ni rahisi, hakivutiki, na kinaandikika kwa kalamu. Tunachora mstari wa wima katikati ya mbele na ya nyuma, na mistari ya kulala kifuani na kwenye hipsi. Kwenye video mistari hiyo inasema mengi: ikipinda, tunajua pa kurekebisha.

Kama nguo yako ni ya kitambaa cha kuvutika, majaribio nayo hushonwa kwa kitambaa cha kuvutika. Marekani ingetudanganya.

14. Kwenye video mnaangalia nini?

Mikunjo. Mkunjo una kichwa na mkia, na unaelekeza kwenye tatizo. Mistari ya kulala inayovuka hipsi inasema hapo pamebana. Mkunjo wa kulala chini tu ya shingo, mgongoni, unasema mabega yako ni ya mraba kuliko tulivyokata. Pindo la mbele likipanda kuliko la nyuma, tumbo au kifua vinahitaji urefu zaidi. Baada ya kusimama tutakuomba ukae, unyanyue mikono, upande ngazi au kiti kifupi.

Mteja mmoja wa Muscat aliagiza kanzu mbili za Idi. Vipimo vyake vilikuwa safi, namba zote zimerudiwa. Alipovaa kanzu ya majaribio niliona mkunjo unatoka shingoni kwenda kwapa la kulia, na pindo upande huo liko chini kidogo ya mwenzake. Nikamwuliza kila siku anabeba nini. Akasema mfuko wa vifaa vya kazi, miaka kumi na tatu, bega lile lile. Nikamwomba dada yake abane mshono wa bega la kulia kwa pini, nusu inchi pale kwenye ncha. Mkunjo ukapotea huku tunaangalia, pindo likalingana. Kanzu zake zote sasa tunazikata bega moja chini ya jingine, na ukiziona zimetundikwa utadhani zimekosewa.

15. Sitaki gharama ya kutumiwa nguo ya majaribio. Kuna njia nyingine?

Ipo, kwa mishono isiyobana sana. Chukua nguo yako inayokukaa vizuri kuliko zote, ya kitambaa kisichovutika. Itandaze sakafuni, ilainishe bila kuivuta, weka tepu juu yake na upige picha kutoka juu: kwapa hadi kwapa, kiuno, hipsi, bega, urefu. Upana unazidishwa mara mbili. Hivi ni vipimo vya nguo, nafasi ya kupumua imo tayari, kwa hiyo usivichanganye na vya mwili kwenye orodha moja.

## Kitambaa na marekebisho

16. Naweza kutuma kitambaa changu?

Karibu. Pamba tunailowesha na kuikausha kabla ya kukata, kwa sababu ikirudi, yaani ikisinyaa, baada ya kushonwa hakuna kipimo kitakachookoa nguo. Kitenge chenye maua makubwa au ndege wanaotazama upande mmoja kinahitaji kitambaa zaidi, tutakwambia kiasi kabla hujanunua.

Khanga ina mambo yake. Ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na lazima tuamue jina litaangukia wapi. Tunakutumia picha ya khanga imetandazwa na mistari ya chaki juu yake. Tafadhali usome maneno yenyewe kabla ya kukubali. Bibi mmoja alituzuia kukata kwa sababu jina lilikuwa la mafumbo na gauni lilikuwa la kwendea ukweni, na alikuwa na haki.

17. Nguo imefika na haikai vizuri. Inakuwaje?

Tutumie video ile ile ya kugeuka, ndani ya siku saba, kabla hujaifua. Kosa likiwa letu, tunalipia fundi wa karibu nawe airekebishe au tunashona upya. Kwenye mishono ya ubavu tunaacha inchi moja ndani. Fundi akiachia nusu inchi kila upande wa kila mshono, unapata inchi mbili kuzunguka mwili. Satini na ngozi hazifumuliki bila kubaki na matundu ya sindano, ndiyo maana kwa hizo majaribio ni lazima.

## Hali za pekee

18. Ni mjamzito, au napunguza uzito. Tupime lini?

Tupime mabega, mgongo na mikono sasa, maana hayo hayabadiliki sana. Kifua, kiuno na hipsi tupime tena wiki tatu kabla ya shughuli. Usitupe namba ya mwili unaoutarajia.

19. Natumia kiti cha magurudumu.

Vipimo vyote vya chini vinachukuliwa ukiwa umekaa. Suruali tunaikata juu zaidi nyuma na chini zaidi mbele, ili isishuke mgongoni wala isijikusanye tumboni, na urefu wa mguu unapimwa kupitia goti lililokunjwa. Mifuko ya nyuma tunaiondoa, ina mishono inayoumiza ukikaa muda mrefu. Tafadhali tuambie mwanzoni. Hakuna gharama ya ziada.

20. Wasimamizi wa harusi ni sita, kila mmoja nchi yake. Sare zitafanana?

Kitambaa kinunuliwe mara moja, gora moja, kwa sababu rangi hutofautiana kutoka toleo hadi toleo. Kila msimamizi ana miadi yake ya video, na kamati iteue mtu mmoja wa kuamua urefu wa pindo kutoka sakafuni, si kutoka kiunoni, la sivyo kwenye picha mapindo yatakuwa ngazi.

21. Nataka kumshonea mama bila yeye kujua.

Inawezekana. Mdogo wako aliye nyumbani atoe nguo mbili kwenye kabati la mama: moja anayoivaa kila mara, na moja aliyoacha kuivaa. Apige picha kama swali la 15. Ile aliyoiacha ndiyo inayonisaidia zaidi. Naangalia kwapani na ubavuni ilipofumuka au ilipochakaa, na hapo najua pa kumwachia mama nafasi.